Pua ya Jirani Haina Wivu

Kayanga, mji wa Karagwe, inakua bila kumsubiri mpimaji. Kibanja kilichokuwa cha babu kimekatwa viwanja: kimoja kajenga mwalimu, kingine muuguzi wa hospitali ya Nyakahanga, na katika kipande kilichobaki bado wapo nguruwe, beberu, mbwa wa ulinzi na bata ambao hata mwenyewe hajui idadi yao. Omurushaka ni hivyo hivyo. Ukiifuata barabara ya Murongo na kuingia Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, utazikuta centa za Nkwenda na Isingiro na nyumba zao za bati jipya, ubavuni mwa mabanda yaliyokuwepo kabla ya hizo nyumba kuota.

Ugomvi unaozaliwa hapo hauandikwi gazetini. Unaishia kwa mwenyekiti wa kitongoji, au hauendi popote, ila watu wawili wanaacha kusalimiana. Maneno yanayorushwa katika ugomvi huo ni yale yale kila mahali, ya wafugaji na ya wenye pua zilizochoka, na mengi yana ukweli nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo nataka kushughulika nayo. Msimamo wangu nautaja mapema: uvundo unaovuka ua ni mali ya mfugaji inayotoroka, na wa kwanza kupata hasara ni yeye, kabla ya jirani. Ukilishika hilo, madai mengi yanaanguka yenyewe. Si yote.

“Hiyo ni harufu ya hela.”

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na kwa Karagwe lina ukoo wa heshima. Nchi hii ilijengwa juu ya ng'ombe. Wapelelezi Speke na Grant walipofika kwa mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861, walikuta ufalme uliopima hadhi ya mtu kwa mifugo, na miongoni mwa vitu vya kifalme walikuwamo ng'ombe waliofuliwa kwa chuma. Hata migomba ya Kagera haikusimama vizazi na vizazi kwa rutuba ya bure. Ng'ombe alishinda rweya, kwenye mbuga, akila nyasi, akarudi kulala nyumbani, na asubuhi kibanja kikapata alichokitoa huko. Wataalamu wa udongo waliopima vibanja vya upande wa Bukoba walikuta kwamba kaya zenye ng'ombe ziliweza kurudisha kinachoondoka na mikungu, na zisizo na ng'ombe zilikuwa zikila akiba ya ardhi mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mzee anayesema samadi ni hela hasemi uongo.

Anakosea mahali pamoja tu. Hela hiyo hainuki mpaka ianze kumponyoka.

Mkojo wa ng'ombe au nguruwe ukiwa mbichi hauna harufu kubwa. Ndani yake kuna yurea, ile ile inayouzwa kwa mfuko katika maduka ya pembejeo. Kinyesi nacho kina vijidudu vyenye kimeng'enya kinachoivunja yurea. Wanyama wakivikanyaga viwili hivyo pamoja, yurea inageuka amonia, na amonia haikai, inapaa. Kile kinachokuchoma macho unapopita nyuma ya banda la jirani saa moja asubuhi ni naitrojeni iliyokuwa iende kwenye migomba. Kwa siku chache tu sehemu kubwa ya naitrojeni ya mkojo inaweza kuwa imekwenda na upepo, halafu msimu ukifika mtu huyo huyo anakwenda dukani kuinunua kwa fedha taslimu.

Kuna na harufu ya pili, ambayo watu huichanganya na hiyo ya kwanza. Hii haichomi macho. Inanuka yai viza, nzito, inakaa kooni. Hiyo hutoka mahali penye maji mengi na pasipo hewa: shimo la samadi lililojaa mvua, kona ya banda isiyokauka, dimbwi chini ya mfereji. Ni vizuri mfugaji na jirani wakazijua tofauti hizi kabla ya kubishana, maana dawa zake si moja. Inayochoma inataka mkojo utenganishwe na kinyesi. Ya yai viza inataka pakavu na hewa.

Potasiamu haina harufu kabisa, kwa hiyo haitajwi na mtu, lakini hasara yake pengine ndiyo inayouma zaidi huku kwetu. Mgomba ni mlafi wa potasiamu, na sehemu kubwa ya potasiamu anayoitoa mnyama iko kwenye mkojo, si kwenye kinyesi. Banda lisilo na mfereji linaipeleka ardhini pale pale chini ya miguu ya nguruwe, mahali ambapo hakuna mgomba uliopandwa.

Tiba ya hayo haihitaji mradi. Sakafu iwe na mteremko kidogo, ya saruji kwa mwenye uwezo, ya udongo ulioshindiliwa na mawe kwa asiye nao. Upande wa chini pawe na mfereji unaoingia kwenye ndoo au pipa lililofukiwa nusu, lenye kifuniko. Mkojo utolewe kila siku, uchanganywe na maji mengi kuliko wenyewe, umwagwe kwenye kifereji kilichochimbwa hatua chache kutoka shina la mgomba, kisha ufukiwe. Kinyesi kiende kwenye lundo lenye kivuli, kila tabaka la samadi lifunikwe na tabaka la majani makavu. Lundo lililofunikwa hivyo unaweza kusimama karibu nalo ukapiga soga. Lililoachwa wazi juani na mvuani linamnufaisha nzi.

“Mwaga jivu, harufu itakwisha.”

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ushauri huu unatolewa kwa nia njema na watu wa kila aina, hata waliosoma, na mara nyingi unaharibu.

Chanzo chake ni chooni. Jivu kwenye choo cha shimo linasaidia: linakausha, linafukuza nzi, na ukali wake unaua vijidudu. Watu wakaona basi, kinachofaa chooni kitafaa bandani. Lakini bandani kuna mkojo mwingi, na hapo ndipo hesabu inapogeuka. Jivu ni alkali. Amonia ikiwa kwenye samadi yenye uchachu kidogo hutulia, imeshikwa ndani ya unyevu. Ukiongeza alkali unaifungulia mlango. Mwaga jivu au chokaa juu ya matandiko yaliyolowa mkojo, kisha usogeze uso karibu: kwa dakika kadhaa utasikia harufu ikipanda kuliko ilivyokuwa. Mwenye banda atasema jivu lilikuwa kidogo, ataongeza jingine, na jirani atafunga madirisha.

Zipo nyakati ambapo chokaa ina kazi yake bandani. Banda likiwa tupu, limeshafagiliwa na kuoshwa, kupiga chokaa sakafu na kuta kabla ya kuingiza wanyama wapya ni jambo jema. Ila hiyo ni kuua vijidudu, na haina uhusiano na harufu ya kila siku.

Kinachofaa kwa harufu ni kitu kikavu, chepesi, chenye kaboni nyingi, kinachonyonya maji na kuwapa vijidudu chakula cha kuifungia naitrojeni. Karagwe na Kyerwa hatuna uhaba wa vitu hivyo. Kuna majani makavu ya migomba (si ya mgomba wenye mnyauko, tafadhali, huo ufukiwe mbali). Kuna maranda na vumbi la mbao kwa mafundi seremala, ambao wengine hulichoma kwa kukosa pa kulitupa. Kuna maganda ya kahawa kwenye viwanda vya kukoboa, na wilaya zenye kahawa nyingi kiasi hiki hazina sababu ya kulalamikia ukosefu wa matandiko. Chenga za mkaa zinazobaki chini ya gunia nazo zinanyonya harufu vizuri zikisagwa na kuchanganywa na hayo mengine.

Na jivu? Jivu lina mahali pake, na mahali hapo ni shambani. Udongo mwingi wa Karagwe una uchachu na unakosa fosforasi inayopatikana kwa mimea. Mtafiti Ariane Krause wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, akifanya kazi na shirika la wakulima la Mavuno huko huko Karagwe, alilinganisha mbolea zinazotokana na taka za nyumbani na za mifugo kwenye mahindi, maharage, vitunguu na kabichi. Mboji iliyochanganywa na mkaa, jivu na mabaki ya choo kikavu yaliyokwisha kuuliwa vijidudu kwa joto ilifanya vizuri kuliko zote alizozijaribu, na moja ya sababu ni kwamba ilipunguza uchachu wa udongo na kuongeza fosforasi. Kwa hiyo jivu lako lisipotee. Litandaze kibanjani, au liweke kwenye mboji iliyokwisha kuiva, siyo kwenye mkojo mbichi.

“Shida ni nguruwe. Ng'ombe na mbuzi hawana neno.”

Dai hili mara nyingi lina dini ndani yake, na katika mji wenye misikiti na makanisa yanayotazamana si busara kujifanya halimo. Mwenye kumchukia nguruwe kwa imani yake ana haki ya imani hiyo. Lakini tukizungumza harufu tu, nguruwe anasingiziwa sana.

Mpe nguruwe nafasi ya kutosha na atachagua kona moja ya kujisaidia, alale kona nyingine. Wachache kati ya wanyama tunaofuga wana adabu hiyo. Anajigaragaza kwenye tope kwa sababu hatoi jasho la kumpoza. Akikosa maji safi na kivuli atatumia alichonacho, na alichonacho ni mkojo wake. Banda la nguruwe linalonuka ni banda finyu, lenye maji na lisilo na matandiko. Ongeza na chakula: makombo ya hotelini yaliyokaa siku mbili kwenye ndoo, machicha ya rubisi, ile pombe ya ndizi, yaliyochachuka kupita kiasi, maganda ya ndizi yaliyooza. Nusu ya uvundo unaohesabiwa kuwa wa nguruwe ni wa ndoo yake. Makombo hayo yachemshwe, na si kwa ajili ya pua peke yake. Homa ya nguruwe ya Afrika husafiri ndani ya mabaki ya nyama ya nguruwe, na ikiingia bandani haina tiba.

Sasa tuje kwa mbuzi ambaye hana neno. Beberu aliyekomaa ana tezi nyuma ya pembe zinazotoa harufu, na msimu wa kupandana ukifika anajikojolea mwenyewe ndevu na miguu ya mbele ili majike wajue yupo. Hakuna usafi utakaoiondoa harufu hiyo, kwa kuwa haitoki kwenye uchafu. Hapa mfugaji anayefagia asubuhi na jioni anaweza kulaumiwa bure. Njia ni mbili: wale wasiotakiwa kwa mbegu wahasiwe wakiwa wadogo, na yule wa mbegu atumiwe na kaya kadhaa badala ya kila nyumba kuwa na wake. Banda lake liwekwe upande ulio mbali na dirisha la mtu.

Kuhusu mahali pa banda, ardhi yetu ya vilima ina tabia ambayo wajenzi wengi hawaifikirii. Jioni hewa ya juu ya kilima inapoa, inakuwa nzito na kuteremka polepole kuelekea bondeni, ikibeba kila inachokutana nacho. Ndiyo maana aliye chini analalamika saa mbili usiku, na mwenye banda aliye juu anaapa kwamba hasikii kitu. Wote wawili wanasema kweli.

“Ukiinusa tu, unaugua.”

Upande wa walalamikaji nao una madai yake, na hili ndilo kubwa. Kipindupindu hakiji kwa kunusa, wala kuhara, wala homa ya matumbo. Ulaya iliamini kwa karne nyingi kwamba hewa chafu ndiyo mzazi wa magonjwa; mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha London kwamba kipindupindu cha mtaa wa Soho kilitoka kwenye pampu ya maji.

Hofu ya jirani ina msingi, ila imeelekezwa pasipo. Badala ya kufuata harufu, afuate maji na nzi. Mkojo na tope la banda lililo mteremkoni vinaelekea wapi mvua ikinyesha? Kama ni kwenye chemchemi ambayo watu wa bondeni wanateka, hapo kuna kesi nzito kuliko harufu yoyote. Nzi wanaozaliwa kwenye lundo lililo wazi wanatua wapi baadaye? Na funza: mdudu huyu aliletwa Afrika kwa meli iliyofika Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshafika Maziwa Makuu. Anapenda vumbi kavu mahali wanapolala nguruwe na mbwa, na kutoka hapo anahamia vidoleni mwa watoto. Banda la vumbi lisilonuka hata kidogo linaweza kuwa kiwanda cha funza.

Lipo na jingine linalowashangaza watu. Nguruwe anayenuka bandani ni salama zaidi kwa jirani kuliko yule anayezurura bila kunuka. Anayezurura anakula kinyesi cha binadamu mahali pasipo na vyoo, anapata mayai ya tegu, na mzunguko huo ukirudi kwa mtu, viluwiluwi vya tegu vinaweza kukaa kwenye ubongo na kusababisha kifafa. Jirani anayemshinikiza mwenzake awafungulie nguruwe “ili harufu ipungue” anaomba balaa.

Amonia yenyewe ikizidi inaudhi macho na kifua, hasa cha mwenye pumu. Lakini wanaoumia zaidi ni wanyama walio ndani. Kwa mwenye kuku hasa: ukiwa umesimama hutajua. Chuchumaa kichwa kifike usawa wa kuku, ukae hapo kidogo. Kama macho yanalia, kuku wako wanaishi katika hali hiyo usiku kucha, na mayai unayoyakosa yana maelezo.

“Jenga mtambo wa gesi, mambo yaishe.”

Ushauri wa semina. Mtambo wa biogesi ni kitu kizuri. Samadi inayotoka imeshameng'enywa na hainuki kama mbichi, na jikoni hakuna moshi. Programu ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2009 chini ya CAMARTEC, kituo cha teknolojia cha Arusha, ilisambaza mitambo ya kuchimbiwa ardhini katika mikoa mingi. Ila mtambo unataka samadi ya ng'ombe wawili hivi kila siku bila kukosa, maji ya kuchanganyia, na fedha za saruji. Mtu mwenye nguruwe wawili na bata, anayeteka maji bondeni, ukimwambia ajenge mtambo umemfukuza kwa adabu.

“Mimi nilikuwepo kabla yako. Umejenga ukiwaona.”

Dai hili linauma kwa sababu lina haki ndani yake. Mzee alikuwa na mifugo wakati mahali pale palikuwa migomba mitupu. Mgeni alinunua kiwanja mchana wa jua kali, hakuuliza, na mvua za kwanza zilipokuja akagundua ana jirani.

Sheria imeshalipitia jambo hili. Mahakama za Tanzania Bara zilirithi kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na miongoni mwa kanuni hizo ipo iliyotokana na kesi ya Sturges dhidi ya Bridgman ya mwaka 1879. Mtengeneza peremende wa London alikuwa ametumia vinu vyake vya kutwanga kwa zaidi ya miaka 20. Daktari jirani akajenga chumba cha kuonea wagonjwa mwisho wa bustani yake, ukutani kwa vinu, kisha akashtaki kelele. Mwenye vinu akasema nilikuwepo kwanza. Mahakama ikampa ushindi daktari. Kutangulia peke yake si kinga.

Lakini wanaoishangilia kesi hiyo huishia nusu. Majaji wale wale walisema kwamba kinachohesabika kuwa kero hutegemea mahali: kisichovumilika mtaa wa matajiri kinaweza kuwa jambo la kawaida mtaa wa watengeneza ngozi. Ukiipeleka hoja hiyo kwetu, anayehamia kijiji cha ndani cha Kyerwa hawezi kudai hewa ya ofisini. Samadi iliyotunzwa vizuri ina haki ya kunuka kidogo siku ya kutolewa. Kwenye viwanja vilivyopimwa Kayanga, kipimo ni kingine. Kwa maoni yangu huo ni mgawanyo wa haki, na haumdhulumu yeyote kati ya mzee na mgeni.

Kwa wanaosema hakuna sheria yoyote: Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inazungumzia kero za namna hii, na afisa afya anaweza kumpa mtu notisi ya kuiondoa. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo kuhusu mifugo, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Baraza la kata lipo kwa usuluhishi, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kusuluhisha ndiyo kazi yake hasa. Kwa wale wanaosema “nitakwenda polisi”: wataambiwa warudi kwa mwenyekiti, baada ya kulipa nauli ya bodaboda na kumpa jirani sababu ya kutowasamehe. Ningeanza na mwenyekiti wa kitongoji, kisha afisa mifugo na afisa afya wa kata waje pamoja. Afisa mifugo akija peke yake atatazama afya ya wanyama, wa afya akija peke yake ataandika notisi. Wakija wote wawili kuna uwezekano wa mtu kuchora mfereji.

“Ana wivu na mifugo yangu.”

Hakuna dai linalofunga mazungumzo haraka kama hili. Likishatamkwa, kila anachosema mlalamikaji kinasikika kama ushahidi wa wivu wake, na katika vijiji vyetu neno wivu halisimami peke yake. Ng'ombe akiharibu mimba wiki ijayo, jina litatafutwa. Watu wengi wananyamaza kwa hofu hiyo, halafu wanaita kunyamaza kwao ujirani mwema, huku wakiwasimulia wengine wote isipokuwa mhusika.

Pua haina wivu. Inamsumbua hata mwenye ng'ombe wengi kuliko wako. Lakini ukweli huo haumsaidii mlalamikaji anayeingia uani akiwa ameziba pua kwa kitambaa. Anayekwenda kuzungumzia pua yake atajibiwa kuhusu pua yake. Anayekwenda kuzungumzia samadi ana nafasi, kwa sababu hapo anazungumzia mali ya mwenyeji.

Nimewahi kusikia ikifanywa vizuri, na ilikuwa hivi hivi tu, jioni, hakuna shahidi:

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Karibu.”

“Asante. Mzee, naona samadi imezidi banda, na mvua hizi zinaipeleka yote bondeni. Migomba yangu ya nyuma imesinyaa. Ukiniruhusu, vijana waje Jumamosi wajaze viroba vichache, nami niwaletee maganda ya kahawa mtandike.”

“Maganda unayatoa wapi?”

Swali hilo la mwisho ndilo lililoamua kila kitu, maana lilikuwa la mtu anayefikiria banda lake. Harufu haikutajwa. Jumamosi ilipofika mfereji ulikuwa umeshaanza kuchimbwa, na mzee alisema alikuwa na mpango huo tangu zamani. Mwalimu akakubali kwamba ndivyo.

Inaweza isiwe hivyo, wapo wafugaji ambao hawatasikia lugha yoyote, na kwa hao ndiyo kuna mwenyekiti na notisi. Hata hivyo asiyejaribu njia ya kwanza atapata tabu kueleza mbele ya baraza kwa nini hakujaribu.

“Mbwa na paka hawahesabiki.”

Wanahesabika, na kinyesi chao ni kibaya kuliko cha ng'ombe kwa jambo moja: hakifai kuwa mbolea ya mboga. Wanakula nyama, na wanabeba minyoo na vimelea vinavyoweza kumwingia mtu. Cha paka ni hatari hasa kwa mama mjamzito anayepalilia kwa mikono mitupu. Kisitupwe kwenye lundo la samadi. Kifukiwe, mbali na mchicha na mbali na maji. Mwenye mbwa aliyefungwa mchana kutwa mahali pamoja ajue kwamba ardhi hiyo italowa mkojo mpaka inuke hata bila kinyesi. Amhamishe, au aondoe udongo wa juu na kuweka mwingine.

Paka wa jirani anayechimba tuta lako hafanyi hivyo kwa uadui. Anatafuta udongo laini, mkavu, uliotifuliwa jana, na wewe umemtengenezea. Tandaza matandazo mazito ya majani ya migomba, mwagilia jioni badala ya asubuhi ili tuta lilale limelowa, na pandikiza vijiti vifupi vya miiba katikati ya mistari mpaka miche ishike. Atahamia kwingine.

“Dawa yake ni sumu.”

Linasemwa kwa sauti ya chini, kwa kawaida baada ya rubisi. Kipande cha nyama chenye sumu ya panya hakimchagui mbwa aliyekusudiwa. Kitaliwa na kuku wako, na mwewe atakayeokota mzoga, na siku mbaya kitaokotwa na mtoto. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kuwatesa wanyama, na kumuua mnyama wa mtu kwa makusudi ni jinai, kwa hiyo mlalamikaji aliyekuwa na haki ataamka akiwa mshtakiwa. Kama mbwa huyo anazurura na unamhofia kichaa, mfuate mwenye mbwa au afisa mifugo uulize amechanjwa lini. Kama hajachanjwa, mwombeni afisa huyo apange siku ya chanjo kwenye kitongoji, na mbwa wa pande zote mbili za ua wapelekwe pamoja.